Sauti Nyuma ya Tundu

Methali hii watu wengi huisema huku wakiangalia pembeni, kana kwamba ina aibu ndani yake. Mficha uchi hazai. Wahenga hawakuona haya kuitamka, maana walijua kwamba mama anayejifungua akang'ang'ania kujifunika mbele ya mkunga, mtoto hatapokelewa. Wala hawakuwa wakisema habari za uzazi peke yake. Walimaanisha kwamba mwenye shida akimficha yule anayeweza kumsaidia, atabaki na shida yake mpaka immalize. Anayebisha na akaulize habari za fundi redio mmoja, mrefu na mwembamba hata mtaa mzima ukamwita Bwana Antena, na za kasuku wake aliyebaki kifua wazi.

Bwana Antena alikuwa fundi wa kweli, si wale wanaoizaba redio kofi na kudai imepona. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye baraza mbele, na rafu zake zilijaa redio zilizofunuliwa matumbo, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Alikuwa na masikio makali. Mkwaruzo ulioanza kwenye spika yeye aliusikia wiki mbili kabla ya mwenye spika. Ila kinywa chake kilikuwa kizito. Mke wake ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili, na kazi hiyo haikuwahi kumchosha. Alisalimia wageni, aliteta na wauza mboga, alimtania mumewe, na alipokosa mtu wa kusema naye alisema na kasuku.

Kasuku huyo alikuwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kwa jinsi alivyotembea juu ya kijiti chake, kifua mbele, kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi, mke wa fundi alimpachika jina la Mheshimiwa. Walikaa pamoja miaka kumi na minne. Mheshimiwa aliyashika maneno ya mama huyo yote, pamoja na kicheko chake, kikohozi chake, na ule mguno aliokuwa akiutoa kila alipovua viatu.

Kisha mama akaugua, na maradhi ya wiki tatu tu yakamchukua. Watu walikuja, wakalia, wakapika, wakatandua mikeka, wakaenda zao. Siku ya nane Bwana Antena alifungua duka. Watu walimwona ameinama juu ya redio wakasema, "Huyu amejikaza, mwanamume huyu." Walidhani wanamsifu. Tangu siku hiyo hakujua tena ni kwa mlango gani angetoka kwenda kumwambia mtu kwamba hajajikaza hata kidogo.

Kilichombakiza hai ni kasuku. Kila jioni alipofika nyumbani na kuingiza ufunguo kwenye kitasa, alisikia kutoka ndani sauti ya mke wake ikisema, "Subiri, nakuja sasa hivi." Alijua ni ndege. Alijua vizuri kabisa. Lakini alikuwa akisimama pale kizingitini, ufunguo mkononi, bila kuuzungusha, akiyaacha maneno yale yakae masikioni mwake kidogo. Alimtamani mke wake kwa namna ambayo hakuwa na maneno yake. Kabla ya mlango kufunguka palikuwa na kitambo kifupi ambapo mtu angeweza kuamini kwamba mkewe yuko upande wa pili, anafuta mikono.

Baada ya miezi minne maneno yakaanza kupungua. Kasuku husema anachokisikia, na nyumba ile haikuwa na la kusikika. Siku moja Bwana Antena alifika mlangoni akangoja, na ndani kukawa kimya. Kesho yake kimya tena. Siku ya tatu sauti ilitoka, lakini hafifu, imekatika katikati, kama stesheni ya mbali. Hofu aliyoipata siku hiyo ilizidi ile ya siku ya mazishi, kwa kuwa siku ya mazishi hakuwa amebaki na cha kupoteza.

Sasa fundi akishikwa na hofu hukimbilia ufundi wake. Alifungua droo akatoa simu ya marehemu. Ndani yake mlikuwa na ujumbe wa sauti chungu nzima, mwingi mfupi, wa mambo ya kawaida: niko sokoni, nikuletee nini, umekula, nitachelewa, usinisubiri. Alichagua jumbe nne, akazisafisha mlio wa upepo na wa magari, akaziweka kwenye kadi ndogo. Kisha akafunga spika ukutani nyuma ya tundu, ndogo isiyozidi kiganja, na saa ya kuiwasha. Kila robo saa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, wakati yeye yuko dukani, spika ingesema zile nne kwa zamu na kumalizia na ule wa, "Nakuja sasa hivi." Alijiambia anamfundisha ndege asisahau. Ukweli ni kwamba anayeogopa kusahau alikuwa yeye.

Na hapo tayari alikuwa na uongo mmoja kifuani. Marehemu alikuwa na mdogo wake wa kike, mshonaji, aliyeishi mtaa wa pili na kumtembelea shemeji yake kila Jumamosi jioni. Simu ya mshonaji huyu ilipotea kituo cha basi mwezi mmoja baada ya msiba, ikapotea na kila alichowahi kutumiwa na dada yake. Alikuja kwa shemeji yake akiwa amevimba macho.

"Shemeji, ile simu ya dada ipo? Nataka hata neno moja tu. Hata anigombeze."

"Imekufa, shemeji," Bwana Antena alimjibu. "Ubao wa ndani umeungua."

Angebisha vipi? Bwana Antena akisema chombo kimekufa, kimekufa. Mshonaji alijifuta machozi akamchemshia shemeji yake chai, na neno la simu halikurudi tena.

Haukupita mwezi na nusu tangu spika ifungwe, unyoya wa kwanza ukaonekana sakafuni. Bwana Antena aliufagia. Kesho yake akakuta sita. Wiki ya pili ungedhani mto wa kulalia umepasuka chini ya tundu. Kifua cha Mheshimiwa kilikuwa kinabaki ngozi tupu, ya rangi ya waridi yenye vipele, na mapajani nako kumeanza. Majirani walipouliza alisema ndege anabadilisha manyoya, ni majira yake. Walipozidi kuuliza alianza kulifunika tundu kwa kitambaa kila mgeni alipobisha hodi. Baadaye alikoma kukaribisha wageni, kwani ni rahisi zaidi kumfukuza mtu mlangoni kuliko kutafuta kitambaa.

Lakini shemeji huwezi kumfukuza. Jumamosi moja alifunua kitambaa mwenyewe.

"Ala. Mheshimiwa kavua suti," alisema. Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Shemeji, huyu anaumwa."

"Anabadilisha manyoya."

"Miaka kumi na minne nimemwona akibadilisha. Hajawahi kubaki kama kuku wa kuchinjwa. Twende kwa daktari."

"Mshonee kijikoti kwanza," Bwana Antena alisema. "Kimkinge na baridi."

Alikuwa anataka kumkinga na macho ya watu. Mshonaji alishona kijikoti kizuri chenye mikono miwili ya kupitishia mabawa na vifungo mgongoni. Mheshimiwa alikitazama, akakigeuza, na kabla chai haijapoa alikuwa amekichana vipande na kuking'oa kifungo cha mwisho. Ikabidi waende kwa daktari.

Daktari wa ndege alikuwa dada kijana aliyekunja mikono ya koti lake hadi kwenye viwiko. Alikuwa na tabia moja iliyomtia Bwana Antena wasiwasi tangu mwanzo: akiuliza swali, alinyamaza akangoja jibu, na kimya kikiwa kirefu hakukijaza yeye. Alimfunga Mheshimiwa kwa taulo taratibu, akamkagua ngozi kwa kioo cha kukuzia, akachukua damu tone moja na kinyesi kidogo.

"Mnaona kichwani?" alisema. "Manyoya ya kichwani yako kamili, yanang'aa. Ingekuwa ni chawa au ukungu, na kichwa kingeguswa. Hapa palipobaki wazi ni pale tu mdomo wake unapofika. Anajinyonyoa mwenyewe."

"Kwa nini ajitese?" mshonaji aliuliza.

"Sababu ni nyingi, ndiyo maana nawauliza. Anakula nini?"

"Mbegu za alizeti," Bwana Antena alisema.

"Na nini kingine?"

"Mbegu za alizeti."

Daktari alitabasamu. Akamweleza Bwana Antena ampe ndege mboga za majani, karoti, matunda, na mbegu chache tu za kumpendeza. Amnyunyizie maji mwilini kila asubuhi, maana ngozi kavu huwasha. Amwekee vijiti vya kutafuna na maboksi ya kuchana, mdomo upate kazi nyingine. Alale gizani kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Asikae karibu na moshi wa jikoni wala wa kuchomelea waya, kwani mapafu ya ndege ni dhaifu. Na akimwona anang'oa unyoya asimpigie kelele, maana ndege mpweke huhesabu hata kelele kuwa mazungumzo. Bwana Antena aliandika yote.

"Na nyumbani, kuna kilichobadilika?"

Bwana Antena aliangalia viatu vyake. Mshonaji alingoja, akaona shemeji yake hajibu, akasema mwenyewe, "Dada yangu alifariki. Ndiye aliyekuwa mwenye ndege."

"Poleni sana. Kasuku nao huomboleza. Sasa mchana anashinda na nani, baba?"

"Kuna redio," Bwana Antena alisema. "Huwa inamsemesha."

Daktari alingoja. Bwana Antena hakuongeza neno. Alilotoa halikuwa uongo na halikuwa ukweli, na jibu la namna hiyo humpoteza daktari kuliko uongo mtupu.

Alirudi nyumbani akafuata maagizo kama anavyofuata mchoro wa waya. Alikata karoti vipande vya ukubwa mmoja. Alinunua chupa ya kunyunyizia. Alikusanya maboksi ya mitaa mitatu, na Mheshimiwa akayachana kwa furaha, asubuhi. Mchana, wakati mwenyewe yuko dukani, spika iliendelea na kazi yake, na jioni manyoya yalikuwa sakafuni palepale. Majibu ya damu yalitoka safi. Kinyesi safi. Daktari alikuna kichwa, akabadilisha hiki, akaongeza kile. Mwezi wa pili Mheshimiwa alimaliza manyoya ya kifuani akaanza nyama. Bwana Antena alifika jioni akakuta damu kwenye kijiti, na ndege amekaa mkia chini, macho nusu.

Walimkimbiza. Daktari alisafisha kidonda, akamvisha kola pana shingoni ili mdomo usifike kifuani. Mheshimiwa aliyekuwa akitembea kwa madaha sasa alijikwaa kwenye kola yake kama mlevi. Mshonaji alishindwa kutazama.

"Nataka nije nimwone anapoishi," daktari alisema. "Keshokutwa, saa nne. Na wewe, mama mdogo, uwepo. Kuna kitu sikioni nikiwa hapa."

Keshokutwa, saa tatu na nusu asubuhi, Bwana Antena alipanda kiti, akaukata waya wa spika, akaibandua ukutani na kuificha kabatini chini ya mashuka, pamoja na simu. Hakuwa mtu mbaya. Aliona picha moja tu kichwani: shemeji yake akisikia kwamba sauti ya dada yake ilikuwemo humu ndani muda wote, na yeye akimpa chai. Na nyuma ya picha hiyo kulikuwa na nyingine aliyoiogopa zaidi, ya mtu kumwambia aizime.

Daktari alikuja akakagua. Alipapasa dirisha kuona kama upepo unapita. Alinusa jikoni. Alipima kwa macho umbali wa tundu na mlango. Alikaa kitini robo saa nzima akimtazama ndege bila kusema, na saa nne na nusu ilipofika, Mheshimiwa akafanya jambo. Aliteremka kwenye kijiti, kola ikigonga vyuma, akajisogeza mpaka kwenye kimlango cha tundu, akainua shingo kuelekea ukutani palipobaki alama mbili za misumari. Alingoja hapo kwa muda mrefu.

"Anasubiri nini?" daktari aliuliza.

Mshonaji hakujua, na Bwana Antena alijua.

Daktari alifunga mkoba wake. "Nitasema ukweli, baba. Kola siyo maisha. Nikimvua leo, kesho atarudi kwenye kidonda. Akijila nyama tena namna ile, kidonda kitaingia uchafu, na sitakuwa na la kufanya ila kumlaza asiamke. Nimejaribu ninayoyajua. Kama liko nisilolijua, basi liko." Aliagana nao, akatoka.

Bwana Antena alibaki amesimama katikati ya sebule. Mheshimiwa bado alikuwa kwenye kimlango, shingo juu. Aliyatazama macho yale ya manjano yasiyoondoka ukutani, na kwa mara ya kwanza akajiona mwenyewe kizingitini, ufunguo mkononi. Alitoka mbio, urefu wake wote, akamkuta daktari anafungua geti.

"Daktari, rudi. Kuna kitu nimekuficha."

Alilifungua kabati mbele yao. Alitoa mashuka, akatoa spika, akatoa simu, akaviweka mezani kama mtu anayesalimisha silaha. Mshonaji aliitambua simu kabla haijafika mezani. Ilikuwa na ufa kwenye kona, ufa aliousababisha yeye siku yeye na dada yake walipokuwa wakigombea kupigana picha.

"Inawaka?" aliuliza, sauti ndogo.

"Inawaka."

"Uliniambia imekufa."

"Niliogopa ungeichukua."

"Ningeichukua, ndiyo. Ningeililia. Halafu ningekurudishia." Alikaa chini. "Miezi yote hii, shemeji. Nimekuwa nikijaribu kumkumbuka anavyosema jina langu, nashindwa. Nikaona aibu kumwambia mtu kwamba nimeisahau sauti ya dada yangu."

"Nimekukosea," Bwana Antena alisema. "Nimemkosea na huyu ndege."

Daktari aliomba spika irudishwe mahali pake na iwashwe mara moja tu. Bwana Antena aliunga waya. Sebule ikajaa sauti ya mwanamke aliyechangamka, anayehema kidogo kwa kutembea. Umekula? Niko sokoni, nikuletee nini? Nitachelewa, usinisubiri. Nakuja sasa hivi.

Mshonaji aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mheshimiwa alikwenda kimlangoni haraka, mabawa yamefunguka nusu, akajibu kwa sauti ileile, "Nakuja sasa hivi." Alitazama mlango wa nyumba. Aliita tena. Mlango haukufunguka. Aliita mara ya tatu, na hapo kichwa chake kikainama, kola ikagonga kifua, mdomo ukapapasa hewani ukitafuta unyoya wa kung'oa.

Wote watatu waliona. Daktari alisimama akaizima spika yeye mwenyewe.

"Kwa siku inasema mara ngapi?"

"Kila robo saa, kwa muda wa saa nane."

"Mara thelathini na mbili," daktari alisema polepole. "Baba, huyu ndege ameambiwa mara thelathini na mbili kila siku kwamba mama yake anakuja. Na anaamini kila mara. Nimehangaika na karoti miezi miwili, na jibu lilikuwa kabatini. Ungeniambia siku ya kwanza, kidonda hiki kisingekuwepo."

Bwana Antena aliketi sakafuni chini ya tundu, magoti yamemfika kidevuni, akalia. Alilia kwa sauti, vibaya, kama watu wasiozoea. Shemeji yake alimwacha alie, kisha akateremka akakaa karibu naye, akalia na yeye. Ule msiba uliokuwa umefungiwa ndani ya nyumba ile ulipata pa kutokea.

Dawa haikuwa ngumu, ila ilikuwa na bei yake. Spika iling'olewa. Mshonaji alinakiliwa ujumbe wote kwenye simu yake mpya, akaondoka nao ameishika kifuani, na wakakubaliana wakitaka kusikiliza, watasikiliza kwake, pamoja, ndege asiwepo. Mheshimiwa hakuachwa tena peke yake mchana kutwa. Asubuhi alikwenda kwa mshonaji, ambaye alimpa vigurudumu vitupu vya uzi na vipande vya kitambaa achane atakavyo, akamsimulia umbea wa mtaa mzima. Mchana tundu lilihamia barazani kwa Bwana Antena, kwenye upepo, mbali na meza ya kuchomelea.

"Mzungumzishe," daktari aliagiza.

"Nimwambie nini?"

"Chochote unachofanya. Asikie mtu aliyepo."

Kwa hiyo fundi mwenye kinywa kizito alijifunza kusema. Alianza na maneno matatu kwa siku: naunga waya, hii imekatika, njaa inauma. Watu waliopita walidhani amerukwa na akili. Baadaye alizoea, akawa anamweleza ndege ubovu wa kila redio na tabia za kila mteja, na mwezi wa tatu alikuwa akimlalamikia kwamba mgongo unauma. Kola ilivuliwa. Kidonda kilifunga. Vishina vya manyoya mapya vikachomoza mapajani kama ndevu za kijana, kisha mabegani. Katikati ya kifua daktari alibonyeza akatikisa kichwa; pale mizizi imeharibika, hapatafunikwa tena maishani. Pakabaki duara la ngozi, upana wa kikombe.

Na maneno ya mama yakaondoka. Bwana Antena aliyasikia yakienda moja baada ya jingine, bila kelele, na hakumwekea ndege mtego wa kuyarudisha. Zilikuwepo jioni alizofika na tundu mkononi, akasimama mlangoni kwa mazoea, akajua kwamba hakuna wa kumwambia asubiri. Alimtamani mkewe jioni hizo kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa kesho yake alimwambia shemeji, na shemeji alisema, "Hata mimi jana," na chai ikanyweka.

Siku moja mchana, mwalimu mstaafu aliyekaa nyumba ya pili kutoka dukani alileta redio yake iliyokuwa ikikoroma. Walikuwa majirani miaka kumi na mmoja na hawakuwahi kupita salamu. Alimwona Mheshimiwa barazani, hana kitambaa, duara lake la ngozi likipigwa na jua.

"Huyu ndege wako anabadilisha manyoya?" aliuliza.

Jibu la zamani lilikuwa pale pale, tayari kabisa, na lingeliisha kwa neno moja. Bwana Antena aliweka bisibisi chini.

"Hapana, mwalimu. Alijinyonyoa kwa kumsubiri mke wangu. Nilikuwa nikimpigia sauti yake kila siku, kwa sababu mimi ndiye niliyeshindwa kumwacha aende. Nikaficha. Nusura nimuue."

Mwalimu alimtazama ndege, akaitazama redio yake mwenyewe, akaipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Mimi mpaka leo napima mchele wa watu wawili," alisema hatimaye. "Mwaka wa sita huu. Unaobaki nawapa kuku, nasema nimekosea kipimo."

"Umemwambia nani?"

"Nakwambia wewe."

Bwana Antena alichomoa waya wa chuma chake cha kuchomelea, akavuta kigoda kingine kutoka ndani, akakiweka karibu na tundu, na mwalimu akaketi. Redio haikutengenezwa siku hiyo. Walizungumza mpaka jua likahama baraza, watu wawili waliokaa miaka kumi na mmoja hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwingine, kila mmoja na lake chini ya kitambaa. Kwa kweli, mficha uchi hazai.